Miti Yenye Pete

9 Januari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kunyamaza, na kunyamaza nako kunakula salio.

Baba amekubali miwati, ile miti ya kigeni ya mteremkoni, ikatwe. Alisema wiki iliyopita, baada ya chai: "Waiteni hao wa misumeno." Nikamuuliza wa misumeno gani. "Mwaka mzima mmenipigia kelele, leo umewasahau?" Kisha akaomba redio yake.

Ndiye yule yule aliyemjibu bwana wa idara ya maji mbele ya wageni: "Mbegu za mti huu nilizileta mimi, kwenye begi langu la kazi, nikiwa bwana misitu, kwa amri yenye muhuri. Kiwanda cha ngozi kilitaka magome. Kiwanda kilipofungwa, hakuna aliyeniletea amri ya kwenda kuziokota." Bwana wa maji hakurudi tena.

Sijamuuliza kilichombadilisha. Nadhani ni siku ya mazishi. Maji ya kumwoshea Mama yalikuja kwa gari, na chemchemi iko chini tu ya jiko letu. Baba alikuwa amekaa mlangoni akasikia madumu yanashushwa. Aliuliza ni nini, nikamwambia. Siku hizi chemchemi inatupa ndoo moja asubuhi na moja jioni. Miwati imeizunguka pande zote, inakunywa kabla yetu. Wenzangu kazini, kwenye pampu ya maji, wananitania kwamba mji mzima unaoga kwa mkono wangu, isipokuwa mimi.

Baba ana sharti moja. Katikati ya miwati bado ipo miti ya asili: mkuyu wa chemchemini, mikangazi, mizambarau mwitu, jumla kumi na kitu. Hiyo ibaki, ishike udongo na itie kivuli. Na alama ataweka yeye, si mtu mwingine, ingawa haoni zaidi ya kivuli cha mkono wake. Jumamosi nilimshika mkono tukashuka. Nilibeba kopo la rangi. Anapapasa gome, ananusa, anasema, "Huu wangu," anauzungushia pete nyeupe usawa wa kifua. Mara moja alipapasa nguzo ya uzio wa jirani akasema, "Huyu marehemu." Nilicheka. Nilijisikia nacheka, kama mtu anayesikia redio ya chumba cha pili.

Kazi yako ni mbili. Mwandikie yule msimamizi wa misumeno unayemjua, Meno. Halafu ulizia habari ya macho ya Baba hapo hospitalini kwenu. Wewe ndiye fundi umeme wao, hawawezi kukunyima, watakaa gizani.

Chumba chako nimekifagia. Hakuna anayelala humo.

Dada yako

*

16 Januari

Kwa Bwana Meno, msimamizi wa misumeno,

Salaam. Ile kazi ya kwa mzee wangu iko tayari. Ni kwenye mteremko chini ya nyumba, kuizunguka chemchemi. Malipo ni magogo yenyewe, kama tulivyozungumza. Mimi sitakuwepo na dada yangu anashinda kazini, lakini hamna haja ya mtu wa kuwaongoza. Mzee ameshaweka alama. Fuateni alama zake, hamtakosea.

Fundi umeme, mtoto wa Bwana Misitu

*

16 Januari

Dada, shikamoo.

Meno nimemwandikia leo hii. Atakuja mwisho wa mwezi na watu wanne.

Macho ya Baba ni mtoto wa jicho, wala si jambo kubwa. Daktari anafanya kumi kwa siku, kama mtu anayemenya viazi. Wanaanza jicho moja, likipona wanafanya la pili. Nimemwandikisha. Nafasi itapatikana kati ya Machi na Aprili.

Mimi mzima. Nafanya zamu za watu pia, kwa hiyo sina muda wa kufikiri. Wananiita Fyuzi bado. Nilidhani wataacha baada ya msiba, sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Juzi nilipokea simu ya kazini nikaitika, "Naam, Mama." Alikuwa mhasibu.

Mwambie Baba amefanya vizuri.

Mdogo wako, Fyuzi

*

31 Januari

Mdogo wangu,

Wamekata yenye pete.

Nilitoka zamu saa tisa. Nikiwa barabarani niliona anga mahali ambapo huwa hakuna anga. Nilishuka moja kwa moja. Mkuyu ulikuwa umelala juu ya chemchemi, matawi ndani ya maji. Mikangazi ilikuwa imeshakatwa vipande, iko kwenye lori. Mizambarau wameirundika pembeni, wanasema ni kuni. Miwati yote imesimama. Hawakugusa hata mmoja, ila ile iliyovunjwa na mkuyu ulipoanguka.

Meno alikuwa amekaa kwenye kisiki anakunywa soda. Nikamuuliza, "Mmefanya nini?"

"Kazi."

"Yenye pete ilikuwa ya kubaki."

"Dada yangu, mimi msumeno nimeushika tangu sijaota ndevu. Mti wa pete ni mti wa kukata. Popote utakapokwenda."

"Kwa bwana misitu mti wa pete hauguswi."

"Hapo sasa. Bwana misitu wa zamani na sisi wa leo hatukusoma chuo kimoja. Mngesema." Akatoa barua yako mfukoni. Ilikuwa na mafuta ya mnyororo. Akanisomea, kwa sauti, kama shahidi: "Fuateni alama zake, hamtakosea."

Vijana wake walikuwa wameacha kufunga kamba wanatusikiliza. Meno akasema tena, polepole zaidi, kwamba hata yeye alishangaa, mzee kutaka kuondoa miti mizuri akaacha miwati. Lakini mwenye shamba ndiye mwenye shamba.

Nilipanda nyumbani. Baba alikuwa mlangoni na redio ameizima. Siku nzima alikuwa akisikiliza misumeno. Uso wake ulikuwa safi, amenyoa. Akaniambia, "Wanafanya kazi vizuri hao. Ila kuna mmoja ulianguka na kishindo. Mwati gani mzito vile?"

Nikasema, "Minne iliangushwa pamoja."

"Mikubwa?"

"Mikubwa, Baba."

"Ah," akasema. "Basi mkuyu utapumua."

Nimekuandikia nikiwa nimesimama jikoni. Sina la kusema kuhusu barua yako. Nimeinukuu tu.

Dada yako

*

8 Februari

Dada,

Nilisoma barua yako juu ya paa la maabara, nilikokuwa nafunga waya. Nikamaliza kufunga waya.

Sijui nikueleze vipi. Haikunijia kwamba kuna mtu duniani asiyejua mti wenye pete hauguswi. Tulikua nayo. Unakumbuka hata madaftari yetu ya shule, Baba alikuwa akizungushia pete jibu lililo sahihi, na makosa anayaacha yalivyo? Mwalimu wa hesabu alinichapa kwa pete nane, akidhani nimekosa nane. Ningekumbuka hilo, ningeandika mstari mmoja zaidi. Nilikuwa na nafasi kwenye karatasi. Nimeangalia nakala, nusu ukurasa ni mweupe.

Usimwambie. Sisemi tumfiche milele. Nasema si sasa. Mama hajatimiza hata miezi mitatu.

Waambie akina Meno warudi wakate miwati. Wasipokata, tutakuwa tumepoteza vyote viwili.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mwanangu Fyuzi,

Anayeandika ni dada yako, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike ninavyosema asinirekebishe.

Habari ya huku ni njema. Wale watu walirudi mara ya pili wakafanya siku tatu, sasa mteremko umekuwa mwepesi. Nausikia. Zamani upepo ukipita pale ulikuwa unasukumana kwenye miwati kama watu kwenye foleni. Sasa unapita tu. Chemchemi imepanda. Dada yako anasema ndoo nne asubuhi, nami namwamini kwa sababu naisikia ndoo inavyojaa.

Mimi sitaki kushuka huko mpaka nipate macho. Dada yako anasema njia inateleza, lakini hata isingeteleza ningesubiri. Miti yangu nimeishika kwa mkono, nimeijua kwa pua. Sasa nataka kuitazama. Wakati huu dada yako ananisimulia jioni jioni. Jana ameniambia mkuyu umetoa majani mapya upande wa chini, ulikokuwa umebanwa. Nilijua utafanya hivyo. Mama yako alitaka kibanda chini yake, mimi nikasema miwati itakiangushia matawi. Sasa kinaweza kujengwa.

Dada yako ameacha kuandika. Andika.

Nasema hivi: niliileta miwati kwa kazi, ikafanya kazi, kazi ikaisha yenyewe ikaendelea. Ndivyo ilivyo. Sioni haja ya mtu kulia. Ila nimefurahi kwamba nimeitofautisha mwenyewe, upi wa kwenda na upi wa kubaki. Watu wa idara walitaka kupeleka msumeno kipofu.

Tarehe ya macho lini? Usiniambie kati ya mwezi huu na mwezi ule. Mimi si mzigo wa kupanga stoo. Nipe siku.

Baba yako

(Hapa ni mimi. Ameenda kulala. Mwandiko umeharibika pale kwenye majani mapya, utaniwia radhi. Sikutunga mimi mwanzo. Aliuliza kama umetoa majani, nikasema ndiyo, na kila jioni anauliza zaidi. Sasa mti ule una ndege.)

*

14 Machi

Dada, shikamoo.

Mwambie Baba orodha imesogezwa. Wagonjwa ni wengi na daktari amekwenda semina. Pengine Juni, pengine baada ya Juni.

Nimekuwa nikifikiri. Mtu wa umri wake, amezoea. Anasikia redio, anajua njia ya chooni, wewe upo. Sisemi asitibiwe. Nasema tu kwamba hakuna kinachoungua. Na tukipata mwaka mmoja, tunaweza kupanda kitu pale. Hata mche wa mkuyu ukipata maji unakua haraka.

Meno ameniletea salamu. Anasema mbao za mkangazi zimekwenda kutengeneza vitanda vya bweni.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Jana nilipigiwa simu na muuguzi wa macho wa hospitalini kwenu. Sauti ya mama mtu mzima, mpole. Akaniuliza, "Mzee kikohozi kimepungua?"

Nikamuuliza kikohozi gani.

"Kaka yako alituambia mzee anakohoa sana, na anayekohoa hatumfanyii, jicho linaweza kufunguka kwenye mshono. Tulimpangia tarehe ishirini Machi, tukampa mtu mwingine. Sasa nina nafasi tarehe tisa."

Nikasema kimepungua. Nikasema kimekwisha kabisa. Nikashukuru.

Baba hana kikohozi. Unajua hana. Hata wakati Mama anaumwa na sote tunakohoa, yeye alikuwa mzima.

Sikulaumu kwa pete. Nimejaribu kukulaumu, haishiki. Barua ile ningeweza kuiandika mimi, kwa maneno yale yale, kwa sababu nami sikujua kwamba kuna watu wasiojua. Lakini hili la kikohozi ulikaa ukalifikiria. Ulitembea mpaka dirishani kwa muuguzi, ukamwangalia usoni, ukasema Baba anakohoa, ili Baba akae gizani, sisi tusionekane.

Na mimi nilitaka kukubali. Nikuambie ukweli. Barua yako ya Machi niliisoma mara mbili, nikasema, kweli, hakuna kinachoungua. Wiki nzima nilisema hivyo. Kila jioni namtungia mkuyu wake, naongeza tawi, naongeza ndege, na yeye anatikisa kichwa kwenye giza, anafuata. Juzi akasema, "Unasimulia vizuri siku hizi. Zamani ulikuwa mtu wa ndiyo na hapana." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Sikulia. Nilisimama tu, nikarudi nikaosha vyombo. Maji ya kuosha yapo sasa.

Namleta tarehe nane. Sikuombi ruhusa. Ukitaka kuja kutupokea, njoo.

Dada yako

*

11 Aprili

Dada,

Niliwaona.

Nilikuwa kwenye korido ya wodi ya macho, juu ya ngazi, nabadilisha taa. Si kwamba nilijificha. Taa ilikuwa imeungua kweli, unaweza kuwauliza. Mlitoka chumba cha upasuaji, wewe umemshika mkono wa kushoto, yeye ana bandeji jicho moja. Alikuwa anamwambia muuguzi, "Nilisikia kama mtu anachokonoa tundu la ufunguo. Ndiyo hivyo tu? Nimeogopa miaka mitatu kwa ajili ya tundu la ufunguo?" Muuguzi akacheka. Mkapita chini yangu. Ningenyoosha mguu ningegusa kofia yake.

Nilikuwa nimeshika balbu. Nilisema nitaiweka kwanza, halafu nishuke. Niliiweka. Mlikuwa mmeshakunja kona.

Nasikia asubuhi yake walifungua bandeji akasoma ubao mzima, mpaka ile herufi ndogo ya mwisho, halafu akasoma na jina la kiwanda kilichochapisha ubao. Muuguzi amenisimulia. Akaniambia nina mzee mcheshi. Nikasema ndiyo.

Sijui ameshaona au bado. Niandikie. Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

15 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijua ni wewe. Nilitambua viatu. Nilikunja kona taratibu kadiri nilivyoweza.

Ulitaka mstari mmoja. Utapata zaidi, kwa sababu nisipoandika yote leo sitaandika tena.

Kwenye basi alikaa dirishani. Alisoma kila bango njiani kwa sauti. "Tunashona magodoro." "Usikojoe hapa." "Chuo cha Udereva, Njoo Mgeni, Nenda Bingwa." Abiria wa mbele aligeuka kumtazama, Baba akamwambia, "Samahani, nimenunua jicho jipya, nalijaribu." Watu walicheka. Alinitazama pia. Alisema nimekonda na kwamba nywele zangu zimeanza kubadilika rangi juu ya sikio. Hakuna aliyeniambia hilo kabla.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwenye basi. Baadaye nikapanga kumwambia kituoni. Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka jiko akashuka. Nikamfuata. Nikasema, "Baba." Akasema, "Subiri nione."

Alisimama pale juu ambapo njia inaanza kuteremka. Nilimtazama usoni, na uso haukufanya kitu. Kisha akashuka hadi kwenye kisiki cha mkuyu, akakizunguka, akaenda kwenye kisiki cha mkangazi wa kwanza, wa pili, wote. Alikuwa anajua ulipo kila mmoja. Alipomaliza akarudi.

"Nani alichukua magogo?"

"Meno."

"Mbao zilikuwa nzuri?"

"Sijui, Baba. Wametengeneza vitanda."

"Ungeuliza."

Ndipo nikamweleza. Nilieleza kama unavyoeleza mashine iliyoharibika: barua yako, alama, Meno, pete. Sikuongeza wala kupunguza. Alisikiliza huku akitazama maji. Maji ni mengi sasa, lakini ni ya udongo, na yana vuguvugu, kwa sababu hakuna kivuli. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na ule mkuyu uliokuwa ukinisimulia jioni, ulikuwa upi?"

Alingojea kidogo, kwa adabu, kama unavyomngojea mtu mwenye kigugumizi. Kisha akapanda nyumbani, akala, akalala. Asubuhi aliomba karatasi. Nilisogeza kiti nikachukua kalamu. Akasema, "Nipe mimi."

Nimeifunga humu ndani pamoja na hii yangu. Sijaisoma.

Dada yako

*

15 Aprili

Fyuzi,

Naandika kwa mkono wangu. Herufi ni kubwa na mistari inapanda kilima. Vumilia.

Dada yako ameeleza. Nimeelewa ulichoandika na nimeelewa walivyosoma. Sina la kuongeza hapo.

Muuguzi aliniuliza kikohozi changu kilipona lini. Nilimwambia sikumbuki. Ni mama mwema, usimtie kwenye uongo mwingine.

Kuhusu jicho la pili, nitakuja nikiitwa. Nitakuja peke yangu.

Sasa sikiliza, maana hili ni la kazi. Mbegu ya mwati inalala ardhini miaka mingi kuliko umri wako. Ngozi yake ni ngumu, inasubiri jua. Chini ya mkuyu haikupata jua. Sasa imepata. Leo asubuhi nimetazama mteremko kwa jicho hili zuri mliloniwekea. Kutoka chemchemini hadi kwenye uzio ardhi ni ya kijani, kama mtu ametandika mkeka. Nilidhani ni nyasi nikafurahi. Nikainama kutazama. Ni miwati yote. Kwenye nafasi ya kiganja changu nilihesabu thelathini, nikaacha.

Hakuna msumeno wa kazi hiyo. Ni kung'oa kwa mkono, mmoja mmoja, mzizi wake ukiwa bado uzi. Mwaka huu, na mwaka ujao, na mingine baada ya huo. Ikiachwa, maji yatakwenda tena, na safari hii hakutakuwa na cha kuzungushia pete.

Dada yako ana zamu. Mimi daktari wako amenikataza kuinama mwezi mzima, na tayari nimeinama mara moja. Miche haijakatazwa kukua.

Leo ina urefu wa kidole. Njoo kabla haijafika magotini.

Baba yako